Mama Alipopiga Magoti Mtaa wa Vioo

Watu husema nina hasira za karibu. Sikatai. Mdogo wangu hunicheka kwamba nikikanyagwa na jogoo nitataka jogoo aombe radhi. Lakini wanaonicheka hawakuwepo Busia siku ile niliyotembea na mama yangu kwa miguu, duka kwa duka, kwenye mtaa tunaouita Vioo. Wangekuwepo wangefunga midomo, au wangeokota mawe.

Vioo si jina la kwenye ramani. Ni sisi watu wa mpakani tulioubatiza hivyo. Kila mji siku hizi una mahali ambapo nguo zimetoka kwenye kamba na mikeka zikahamia nyuma ya vioo, na hapa petu ni pale, upande wa Uganda, mwendo mfupi tu kutoka geti la kuvukia. Maduka yamejipanga huku na huku, kila moja na mlango wake wa kioo, vigae vyake vinavyoteleza, mashine yake ya baridi, na masanamu yaliyovalishwa suti na magauni ya harusi. Nje pikipiki zinapiga honi, malori yamekaa foleni yakingoja forodha, wanawake wanavuka na mabeseni ya nyanya vichwani wakigombana na wabadilisha pesa. Ndani ni kimya na manukato. Unapiga hatua moja na vumbi lote la Busia linabaki nyuma yako, isipokuwa lile ulilolibeba miguuni, na hilo ndilo wanalolitazama kwanza.

Mimi mwenyewe ni muuza nguo. Nina meza sokoni Tororo, nauza mivumba, ile ambayo wenzetu wa Kenya huita mitumba. Kwa hiyo msinielewe vibaya: sina ugomvi na mtu kuuza nguo, hata akiiuza ghali. Nguo nzuri naipenda jinsi wengine wanavyopenda nyama. Ugomvi wangu ni mwingine, na nitausema bila kuzungukazunguka.

Mdogo wangu alikuwa anatambulishwa Jumamosi. Nasema utambulisho, ile siku ambayo wengine huiita kwanjula: wakwe wanakuja nyumbani kwa binti na zawadi zao, wanakaa chini ya turubai upande mmoja, ukoo wa binti upande wa pili, na mbele kabisa, kwenye mkeka, anakaa mama mzazi. Wakwe wakiinuka kusalimu, wanamwendea yeye kwanza. Ni saa chache tu katika maisha ya mwanamke, lakini wanawake wa kwetu huanza kuzingoja siku ile ile wanapoambiwa wamezaa msichana.

Mama yangu alishanyang'anywa saa hizo mara moja, na ilikuwa siku yangu mimi. Mama ni Msamia wa Bulumbi. Aliolewa Kiyeyi, kwa Wapadhola, na tangu baba atutoke, mwenye kauli pale nyumbani ni mke wa kaka yake baba, tunayemwita mama mkubwa. Siku ya utambulisho wangu mama alitoka chumbani na gomesi yake ya kanisani, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, ile moja aliyokuwa nayo, iliyopauka mabegani kwa kuanikwa juani miaka nenda miaka rudi. Mama mkubwa akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Ukikaa mbele na hiyo," akasema, "wageni watadhani tumewaletea mpishi."

Wakamrudisha jikoni. Mama mkubwa akaketi kwenye mkeka na hariri yake ya kijani, akasalimiwa, akapewa zawadi ya mama, akapigwa picha. Mimi nilikuwa bibi arusi mtarajiwa, nimefungiwa chumbani na mashangazi, nikatolewa nje macho chini kama desturi inavyotaka, siruhusiwi hata kukohoa. Nilipokuja kujua, wageni walishanawa mikono. Katika picha zangu zote za siku ile mama yangu hayumo. Nina mume, nina watoto, na hadi leo mtu akiniomba nimwonyeshe zile picha huwa namwambia zilipotea.

Basi habari za mdogo wangu zilipofika, mama aliniita Kiyeyi, akaniketisha, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Safari hii nitakaa." Alikuwa ameshauza ng'ombe wake. Sikumuuliza yupi, maana alikuwa naye mmoja.

Nilimwambia Tororo kuna mafundi wazuri, nitamletea kitambaa, atashonewa apendeze. Akatikisa kichwa. "Nataka iliyotoka kwenye kioo," akasema. "Mama yako mkubwa akiiona tu ajue imetoka wapi. Nipeleke Vioo."

Jumatano asubuhi tukawa Busia. Mama alivaa ile ile gomesi ya kanisani, iliyopauka sasa hadi kiunoni, na malapa mapya aliyoyanunua kwa ajili ya safari. Leso alijifunga kiunoni, pesa zikiwa ndani ya fundo. Tulitembea polepole. Mama hawezi kupita mtu bila kumsalimu, kwa hiyo kila tulipokutana na mtu aliyesimama, naye alisimama. Alimsalimu mshona viatu, akamsalimu dereva wa lori aliyelala chini ya lori lake, akamsalimu askari. Nilimwambia, "Mama, huu ni mji, ukimsalimu kila mtu tutafika Krismasi." Akanijibu, "Basi watakuwa wamepunguza bei."

Duka la kwanza tulizuiwa mlangoni. Mlinzi, kijana mwenye suti iliyomzidi, akanyoosha mkono mbele yetu. "Mnamtafuta nani?"

Sikiliza swali hilo. Hakusema mnatafuta nini. Amesema nani! Yaani watu kama sisi tukionekana mlangoni pale lazima tumemfuata ndugu yetu anayepiga deki. Wakati bado namkodolea macho, mama mmoja mwenye nywele za bandia hadi mgongoni akapita katikati yetu, na mlinzi akamfungulia mlango akiinama. Nikamwambia, "Na yule anamtafuta nani? Mbona hukumuuliza?" Akaanza kuchezea redio yake. Tukaingia, tukazunguka, hapakuwa na gomesi hata moja, tukatoka. Nilifyonya kwa nguvu makusudi ili asikie.

La pili walituacha tuingie, lakini msichana wa dukani akatufuata nyuma. Mama akigusa blauzi, yeye anaipangusa. Mama akigusa gauni, yeye analigeuza kwenye hanga, analinyoosha, analipangusa. Tulizunguka duka zima namna hiyo, mama anagusa, yeye anafuta. Mbele kulikuwa na koti la manyoya, wameliandikia kwamba limetoka Italia. Haki ya Mungu, lile koti lilipita kwenye bunda langu Tororo mwaka uliotangulia, nikaliuza kwa kijana aliyekuja na begi, na kifungo kimoja nilikishona mwenyewe kwa uzi usiofanana. Nilifungua mdomo. Mama akanifinya.

Tulipotoka nikawa naongea peke yangu kama kichaa. Mama alikuwa akiyatazama masanamu kupitia kioo, yale ya siku hizi yasiyo na vichwa. "Unajua walikatwa kwa nini?" akaniuliza. "Waliuliza bei." Nikacheka bila kupenda. Mama yangu yuko hivyo. Kwa lugha yake ya Kisamia, au kwa Kidhopadhola alichojifunza ukubwani, utakaa naye kutwa nzima usichoke. Kiswahili ndicho kinachomkatakata maneno, Kiswahili chake ni kile cha soko la upande wetu, na mtu asiyemjua akimsikia hudhani akili nayo imekatikakatika.

Tulizunguka karibu mtaa mzima. Duka la viatu, duka la suti, duka la nguo za watoto ambazo mtoto akicheza nazo mara moja zimekwisha. Jua lilishapanda. Nikaanza kumwona mama anavuta mguu, nikamwambia tupumzike, akakataa. Ndipo tukafika kwenye lile duka la pembeni, na mama akasimama.

Ilikuwa gomesi ya zambarau. Hariri nzito, mabega yamesimama vizuri, vifungo viwili vimevishwa kitambaa kile kile, mshipi mpana wenye uzi wa dhahabu unaofunga chini ya kiuno na kuning'inia mbele. Nazijua nguo, na ile nilishindwa kuitoa kasoro. Mama aliweka kiganja chake kwenye kioo. Hakusema ni nzuri. Alisema tu, "Ile."

Sasa naomba mnifuate hapa taratibu, maana hapa ndipo palipoharibika.

Mama alipofika mlangoni alivua malapa yake akayaacha nje. Kwetu huingii kwenye nyumba ya mtu iliyopigwa deki na viatu vya barabarani. Ndani, karibu na mlango, mwenye duka alikuwa ameketi nyuma ya meza, mzee wa nywele nyeupe, anabonyeza simu. Mama akamwona ni mtu mzima, ni mwenye nyumba. Akafanya anachofanya akimkuta mtu mzima popote pale, iwe kwenye vumbi, iwe kwenye tope: akapiga magoti. Pale pale, kwenye vigae. Akakutanisha mikono, akainamisha kichwa kidogo, akaanza salamu.

"Habari ya hapa, mzee. Habari ya mama ya nyumbani. Watoto iko salama?"

Mzee hakuinua macho. Msichana wa duka alikuwa amesimama kando, ndiyo kwanza amemaliza kuongea na simu. Kenya na Uganda ni hatua chache tu pale, wengi wao wanavuka asubuhi kuja kazini na kurudi jioni, na huyu alikuwa mmoja wao, kucha ndefu, Kiswahili cha ng'ambo. Akamtazama mama pale chini.

"Mathe," akasema, "leo si Ijumaa. Kuja Ijumaa."

Kama hujui miji yetu, nikuambie. Ijumaa ndiyo siku ya ombaomba. Wanapita duka kwa duka, vipofu, vilema, wazee waliotupwa na watoto wao, na wenye maduka huweka sarafu kando tangu asubuhi, wawagawie, nao wawape baraka, waende. Ndicho alichomwambia mama yangu. Kwamba amekosea siku ya kuomba.

Na mama, akiwa bado magotini, akamjibu kwa upole, "Mimi najua, mtoto yangu. Leo iko Jumatano. Mimi nakwenda tafuta gomesi ya Jumamosi."

Mzee, macho bado kwenye simu, alivuta droo, akatoa sarafu, akaiweka kwenye mikono ya mama. Mama akaipokea kwa mikono miwili, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa kupokea chochote kutoka kwa yeyote.

"Asante, mzee," akasema.

Banange! Kichwa changu kilipata moto. Kuna hasira inayoanzia tumboni ikapanda, ile mtu anaweza kuimeza. Hii haikupanda, ilinikuta tayari iko mdomoni.

"Ala! Nyinyi mnamjua huyu ni nani?" Nilisikia sauti yangu ikigonga vioo. "Huyu ni mteja! Huyu ni mama yangu! Anawasalimu! Mtu akikusalimu unamtupia sarafu kama unamtupia mbwa mfupa?"

Mzee akashtuka, simu ikamponyoka. "Taratibu, mama, taratibu. Hatukujua."

"Hamkujua nini? Hamjui salamu? Umekaa Busia mpaka nywele zimekuwa pamba, hujawahi kuona mwanamke akisalimu?" Kisha nikamgeukia msichana, maana huyo ndiye hasa aliyenikata maini. "Na wewe! Nimekusikia kwenye simu. Ulikuwa unaongea Kisamia! Wewe ni mtoto wa Msamia kabisa, mpaka ndio umetugawa tu. Mama yako huko ng'ambo anasalimu wazee vipi? Anasimama kama nguzo ya stima? Unajua vizuri kabisa mama huyu alikuwa anafanya nini pale chini. Ulijua!"

Akaangalia kucha zake. Angesema hajui, ningemsamehe nusu. Wateja wawili waliokuwa kwenye vioo vya ndani wakajifanya wanasoma lebo. Nilimshika mama mkono, nikamwinua, nikamtoa nje.

Malapa yake hayakuwepo mlangoni. Mlinzi wa duka lile alikuwa ameyasukuma kwa mguu hadi kwenye mtaro, kwa sababu, alivyosema, yalikuwa yanaharibu sura ya duka. Nikaingia mtaroni mwenyewe kuyatoa, huku nikimpa yule mlinzi vidonge vyake, na vya ukoo wake wote, mpaka mwendesha pikipiki mmoja akazima injini ili asikie vizuri.

Nilipomaliza kuyapangusa malapa kwa gauni langu, mama alikuwa amesimama kwenye ngazi, miguu mitupu, ananitazama.

"Umemaliza?" akaniuliza kwa Kisamia.

"Sijamaliza!"

"Basi malizia hapa nje. Mimi narudi ndani."

Nilidhani sikusikia sawasawa. "Urudi wapi? Mama, wale watu wamekuita ombaomba!"

"Nimesikia. Nina masikio."

"Tutatafuta duka jingine. Twende hata Mbale. Twende hata Kampala!"

"Jumamosi imebaki siku tatu tu," akasema. "Tumezunguka mtaa mzima. Umeona nyingine kama ile?"

Sikuwa nimeona. Nikasema hata kama ni ya dhahabu, pesa ya ng'ombe wako haiingii kwenye droo ya mzee yule, labda nife. Nikasema mengi. Mama aliyasikiliza yote, halafu akaniambia neno ambalo bado linanichoma, na sijakubaliana nalo hadi leo.

"Hasira zako hazinivalishi, mwanangu. Jumamosi siwezi kwenda kukaa mbele za watu nimezivaa mabegani. Wewe una hasira, mimi sina nguo."

Akavaa malapa yake, safari hii akaingia nayo, yakiwa na mabaki ya matope ya mtaro. Mimi nikabaki nje. Nilikuwa nimeapa sitakanyaga tena mle, na mimi nikiapa nimeapa. Kwa hiyo yaliyofuata niliyaona kupitia kioo, bila sauti.

Nilimwona mama akiwa amesimama wima mbele ya meza. Nilimwona akifungua fundo la leso na kuziweka pesa mezani. Loo, kama ungeona! Kiti kilitoka wapi? Soda ilitoka wapi, tena na mrija? Yule mzee ambaye shingo yake ilikuwa haiinuki akainuka mzima mzima, akazunguka meza, akawa anatabasamu na meno yote. Msichana akaenda mbio kuivua gomesi kwenye sanamu. Akamvalisha mama kikoyi cha ndani kwanza, kile cha kuipa gomesi umbo, akaja na hariri yenyewe, akafunga vifungo, akaukaza mshipi. Halafu akashuka chini, magoti yote mawili kwenye vigae, kuupanga upindo. Hapo hakuna aliyemwambia leo si Ijumaa. Nilisimama pale nje nikatetemeka, mwendesha pikipiki akaniuliza kama nina malaria.

Mama alitoka na mfuko wa karatasi wenye kamba za hariri. Hakuigusa soda yao, aliiacha mezani imejaa. Hilo liliniponya kidogo, lakini si sana.

Tulitembea hatua kadhaa, ndipo nikakumbuka. "Na ile sarafu?"

"Nilimrudishia. Nilimwambia aiweke, Ijumaa kuna watu watakuja."

Nikasimama katikati ya barabara. "Kumbe ulielewa? Tangu mwanzo?"

"Mimi ni mjinga?"

"Sasa mbona ulimjibu yule msichana vile, eti leo ni Jumatano?"

"Si ilikuwa Jumatano?" akasema, akaendelea kutembea, akamsalimu muuza chapati.

Hadi leo sijui. Nimeshamuuliza mara nyingi, kwa hila na bila hila, kama siku ile alimjibu kwa unyoofu au alikuwa anamchezea. Hunijibu hivyo hivyo. Na hicho ndicho kinachoniudhi zaidi, kwamba alielewa kila neno, akiwa magotini, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, na bado akarudi. Mimi ningelichoma lile duka.

Jumamosi ilifika. Kiyeyi palijaa watu tangu asubuhi, maturubai mawili, spika, sufuria za kukopa kwa majirani. Mimi nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa nimepanga maneno yote nitakayomwambia mama mkubwa akithubutu kumzuia mama mlangoni, niliyapanga kwa siku tatu, mengine nikiyasema peke yangu sokoni hadi wateja wananishangaa.

Sikuyahitaji. Mama alitoka chumbani na ile zambarau. Mashangazi wakaacha kumenya. Mama mkubwa alikuwa ameshavaa kijani yake, tayari ameanza kuelekea kwenye mkeka kama mtu anayekwenda kwenye kiti chake cha kila siku. Akageuka. Akamtazama mama kutoka juu mpaka chini, kama siku ile, mabega, vifungo, mshipi, upindo. Nikavuta pumzi.

"Mwenzangu!" akasema, mikono kifuani. "Leo umekuwa mtu. Hii si ya Vioo hii?"

Akamshika mkono. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akamwongoza hadi kwenye mkeka, akamtandikia, akaketi nyuma yake. Wakwe walipofika walimwendea mama yangu kwanza. Wanawake wao walipiga magoti mbele yake mstari mzima, na mama akawapokea mmoja mmoja, anawauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Msema chochote kwenye spika akamwita mama yetu mpendwa, nguzo ya ukoo huu. Nguzo! Watu walewale waliompa moshi wa jikoni. Mpiga picha alimganda yeye tu. Kila mtu alitaka kusimama karibu na ile zambarau, na mashangazi wakawa wanauliza kwa sauti za asali kama amekula, kama amepata maji, kama jua halimpigi.

Mdogo wangu alilia kwa furaha. Kila mtu alisema siku imekwenda vizuri. Mimi nilikuwa nagawa wali, na kila sahani niliyompa mtu wa ukoo wetu niliitua kwa kishindo. Walitaka nini nifanye? Nishangilie? Walikuwa na mama yangu miaka yote hiyo. Anawalimia, anawapikia, anawauguza, amewazika wazee wao. Hawakumwona hadi duka la Busia lilipomfunika kitambaa. Wale wa Vioo angalau walikuwa hawamjui.

Wageni waliondoka jua likiwa bado juu. Watu wakaanza kukunja maturubai na kurudisha sufuria. Nikachukua gauni la kazi la mama, nikamtafuta chumbani, hayumo. Nikamkuta jikoni. Alikuwa ameinama kwenye mafiga, na hariri ile yote, mshipi wa dhahabu unaburuzika kwenye majivu, anapuliza moto wa chai ya waliobaki.

"Mama! Utaiharibu! Njoo ubadilishe."

"Siivui."

"Itashika moshi. Itashika masizi, mama, hariri haitoki masizi. Ivue hata uiweke, utavaa siku nyingine."

Akaendelea kupuliza mpaka moto ukashika. Kisha akaketi kwenye kigoda, akaninyooshea mkono nimpe majani ya chai. Nje tulimsikia mama mkubwa akicheka na mtu.

"Acha ichafuke," mama akasema. "Nikiivua hawatanijua."

Nikampa majani ya chai, gauni la kazi bado mkononi mwangu.